Jinsi ya Kuzuia Vichezeo vya Pamoja Kueneza Bakteria katika Wodi za Watoto

Mtoto aliyelazwa hushika kichezeo kwa mkono uliotoka kufuta kamasi, hukitia mdomoni, hukidondosha sakafuni, kisha hukiacha pale alipochoka nacho, na mwenzake wa kitanda cha jirani hukiokota na kuanza upya. Kwa watoto wenye afya njema hatari ya mzunguko huo ni ndogo. Wodini mambo ni tofauti, kwa sababu baadhi ya watoto wana mipira iliyoingizwa kwenye mishipa ya damu, wengine wana vidonda vya upasuaji au vya moto, wengine kinga yao imeshushwa na dawa za saratani, na bakteria wanaozunguka humo mara nyingi ni wale waliokwisha kuwa sugu kwa dawa. Mwongozo huu umekusudiwa wauguzi, wahudumu wa usafi, wasimamizi wa vyumba vya michezo na wazazi wanaokaa na watoto wao wodini, na unaeleza jinsi ya kuchagua, kuosha, kutakasa, kuhifadhi na kugawa vichezeo vinavyotumiwa na watoto wengi.

Kila maambukizi yanapozuka wodini, pendekezo la kwanza huwa ni kuondoa vichezeo vyote na kufunga chumba cha michezo. Huo ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, inatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza, na haki hiyo haikomi kwa sababu mtoto amelazwa. Mtoto anayecheza hupungukiwa na hofu, hukubali matibabu kwa urahisi zaidi, na humpa muuguzi nafasi ya kuona kama viungo, pumzi na uchangamfu wake vinarudi katika hali nzuri. Linalotakiwa ni kuviendesha vichezeo kama vinavyoendeshwa vifaa vingine vinavyogusa mgonjwa zaidi ya mmoja. Hakuna muuguzi anayekubali kipimajoto kitoke kwa mtoto huyu kiende kwa yule bila kusafishwa, na kichezeo kilichotoka mdomoni mwa mtoto kinastahili uangalifu uleule.

Kwa nini kukauka hakutoshi

Watu wengi huamini kwamba bakteria wakishakauka wamekufa, na imani hiyo ndiyo inayofanya vichezeo virudishwe kabatini bila kuoshwa. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba bakteria wa Staphylococcus aureus, pamoja na aina zao sugu kwa dawa ya methicillin, wanaweza kuishi juu ya vitu vikavu kwa muda wa kuanzia siku 7 hadi miezi 7, na kwamba wale wa Acinetobacter wanaweza kudumu hadi miezi 5. Mbegu (spora, yaani umbo lenye ganda gumu) za Clostridioides difficile, bakteria wanaosababisha kuhara hasa baada ya matumizi ya antibiotiki, nazo hudumu kwa miezi. Bakteria wa utumbo kama Klebsiella na Escherichia coli hufa haraka katika mazingira fulani na kudumu muda mrefu sana katika mengine, kutegemea unyevu, joto na uchafu unaowafunika. Virusi havimo katika kichwa cha habari hii, lakini haviwezi kuachwa nje kwa kuwa husafiri kwa njia ileile: virusi vya rota na vya noro, ambavyo huharisha na kutapisha, huweza kubaki hai juu ya kichezeo kwa siku kadhaa.

Ushahidi unaohusu vichezeo vyenyewe si mgeni. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyowapa watoto waliolazwa wanasesere wa dubu waliokuwa wametakaswa kabisa, na baada ya wiki moja wote walikuwa wamepata bakteria, kuvu, au vyote viwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanywa Australia kwa watoto wachanga waliokuwa katika uangalizi maalumu, ulikuta bakteria karibu kila mara vichezeo vya vitandani vilipopimwa, na kati ya watoto waliopata maambukizi ya damu, zaidi ya nusu walikuwa na aina ya bakteria iliyopatikana pia kwenye vichezeo vyao. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba kichezeo ndicho kilichoanza, kwani mtoto naye huweza kukichafua kichezeo chake. Yanaonyesha hata hivyo kwamba viwili hivyo hubadilishana bakteria, na kwa mtoto mchanga mwenye uzito mdogo hilo pekee linatosha kuchukua hatua.

Chagua kabla ya kununua au kupokea

Kazi kubwa ya kuzuia maambukizi hufanyika siku kichezeo kinapoingia wodini, wala si siku kinapooshwa. Kichezeo kisichoweza kuoshwa hakifai kuwa cha pamoja, hata kiwe kizuri namna gani, na hata kiwe kimeletwa na mfadhili ambaye hatungependa kumvunja moyo. Kabla ya kukikubali, kishike mkononi na ujiulize kama kinaweza kuzamishwa ndani ya maji na dawa bila kuharibika, kama kina mishono, matundu au nyufa ambamo brashi haifiki, na kama kitakauka chote ndani ya saa chache. Plastiki ngumu yenye uso laini, matofali ya plastiki ya kujengea, magari yasiyo na betri, vikombe vya kupangana na wanyama wa plastiki wasio na tundu ni chaguo jema. Mbao zisizopakwa rangi au vanishi hunyonya maji na uchafu, kwa hiyo ziepukwe. Zilizopakwa vizuri zinaweza kutumika mradi rangi haijaanza kubanduka. Rangi iliyobanduka au plastiki iliyopasuka huhifadhi uchafu ambao dawa haiufikii, na pia humweka mtoto katika hatari ya kumeza vipande, kwa hiyo kichezeo cha namna hiyo kitupwe siku hiyohiyo bila kujadiliwa.

Vichezeo vya manyoya na vya kitambaa vinahitaji kauli ya wazi: visitumike kwa pamoja. Mwongozo wa kuzuia maambukizi hospitalini uliotolewa mwaka 2007 na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, unasema hivyo bila kuzungukazunguka, na sababu yake inaeleweka. Kitambaa hunyonya mate, maziwa na kamasi hadi ndani ya pamba, kisha hukaa na unyevu kwa muda mrefu. Utafiti uliofanywa New Zealand na kuchapishwa mwaka 2002, uliochunguza vichezeo vya kwenye vyumba vya kusubiria daktari, ulikuta kwamba vile laini vilikuwa na bakteria wengi mno kuliko vile vigumu, na kwamba hata baada ya kufuliwa vilirudi kuwa vichafu haraka.

Hata hivyo mtoto anayelala na dubu wake wa nyumbani asinyang'anywe. Dubu huyo ni wa mtoto mmoja, aandikwe jina, akae kitandani kwake tu, asiingie chumba cha michezo, na aende naye nyumbani atakaporuhusiwa. Mzazi aelezwe mapema namna ya kumfua: maji ya moto ya nyuzi joto 71 kwa dakika 25 ndicho kipimo kinachotajwa kwa nguo za hospitali, na mashine ya kukaushia kwa joto husaidia kukausha pamba ya ndani. Endapo mwanasesere hawezi kustahimili joto hilo, afuliwe kwa joto la juu kabisa linaloruhusiwa kwenye lebo yake, kisha akaushwe kabisa kabla ya kurudi kitandani. Katika wodi za watoto njiti na za watoto waliopandikizwa uboho, timu ya tiba inaweza kukataa hata mwanasesere wa mtoto binafsi, na wazazi waambiwe sababu badala ya kuonyeshwa tu tangazo la marufuku.

Hatari ya vichezeo vinavyoshika maji

Ningeulizwa ni aina gani ya kichezeo iondolewe leo hii kabla ya kufanya jambo jingine lolote, ningetaja vile vya kuogea vyenye tundu, vinavyovuta maji vikibonyezwa na kuyarusha tena. Ndani yake kuna giza, maji yaliyotuama na mabaki ya sabuni na ngozi, na brashi haiwezi kuingia. Bakteria hujijengea humo utando mzito unaong'ang'ania plastiki, na utando huo huwakinga dhidi ya dawa. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi na Marekani walichapisha uchunguzi wa bata wa mpira wa kuogea, wakaeleza jinsi wengi wao walivyotoa maji machafu walipokamuliwa na jinsi kuta zao za ndani zilivyofunikwa na bakteria pamoja na kuvu.

Madhara yake wodini yameshuhudiwa. Mwaka 1998 ilichapishwa taarifa kutoka Australia kuhusu mlipuko wa Pseudomonas aeruginosa sugu kwa dawa nyingi katika wodi ya watoto wenye saratani, na uchunguzi uliuhusisha na sanduku la vichezeo vya kuogea vilivyokuwa vikishika maji. Pseudomonas hupenda majimaji: hukaa kwenye mabomba, masinki na vyombo visivyokaushwa, na kwa mtoto ambaye chembe zake nyeupe za damu zimeshuka, maambukizi yake huweza kuua. Kuziba tundu kwa gundi hakusaidii kwa muda mrefu, kwani gundi hupasuka. Vichezeo hivyo vitupwe, na mtoto anayehitaji kuchezea kitu wakati wa kuoga apewe kikombe cha plastiki kisicho na sehemu ya ndani iliyofichika, ambacho kitaoshwa na kukaushwa baada ya kila kuoga.

Beseni la maji la kuchezea pamoja, mchanga na udongo wa kufinyanga vina tatizo linalofanana, kwa kuwa haviwezi kutakaswa. Udongo wa kufinyanga ugawiwe kwa kila mtoto kifungu chake, na kinachobaki kitupwe au abaki nacho yeye mwenyewe.

Kuosha kwanza, kutakasa baadaye

Kuosha ni kuondoa uchafu kwa maji, sabuni na msuguano; kutakasa ni kuua vijidudu vilivyobaki kwa dawa au joto. Hatua ya pili haiwezi kuchukua nafasi ya kwanza, kwa sababu mate yaliyokauka, maziwa na kinyesi huimaliza nguvu klorini kabla haijawafikia bakteria. Wodi nyingi hukosea hapa: kichezeo kichafu hutumbukizwa moja kwa moja kwenye ndoo ya dawa kali, na harufu ya klorini humfanya kila mtu aamini kwamba kazi imekwisha. Katika hali hiyo kuongeza ukali wa dawa huongeza madhara kwa mikono ya mhudumu na kwa mapafu ya watoto, huku bakteria waliofunikwa na uchafu wakibaki pale walipokuwa.

Tenga mahali pa kazi hii. Pasiwe jiko la wodi, wala sinki la kunawia mikono, wala sinki linalomwagiwa mikojo na maji ya vidonda. Panga kazi iende upande mmoja tu, kutoka vichafu kwenda visafi, na kisafi kisirudi kamwe kupitia upande wa vichafu. Anayefanya kazi avae glavu za mpira na aproni isiyopitisha maji, na akinge macho ikiwa dawa inaweza kuruka.

Anza kwa kubomoa kichezeo chenye sehemu zinazotenganika, kisha kikague. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, ukisugua kwa brashi kwenye mifereji, viungo na maandishi yaliyochorwa kwa kuzama, kwa kuwa humo ndimo uchafu unamojificha. Kisuuze kwa maji safi hadi povu liishe, kisha kiache kichuruzike, maana maji yanayobaki juu yake hupunguza ukali wa dawa, na mabaki ya sabuni nayo huweza kuiharibu. Baada ya hapo kizamishe chote ndani ya dawa ya klorini ya asilimia 0.1 kwa dakika 10, ukihakikisha hakuna kinachoelea wala hewa iliyonaswa ndani. Vichezeo vyepesi vigandamizwe kwa sahani au kwa kapu lenye matundu. Kitoe, kisuuze tena kwa maji safi ya kunywa, kwa sababu kitarudi mdomoni mwa mtoto, na kianike juu ya wavu safi kikauke kwa hewa. Taulo lisitumike kukikaushia, kwani taulo moja lenye unyevu huweza kurudisha bakteria kwenye kundi zima la vichezeo vilivyokwisha kutakaswa. Jua linasaidia kukausha, ila lisihesabiwe kuwa ndilo dawa.

Mashine ya kuoshea vyombo yenye joto la juu, pale ilipo, hufanya kazi hii vizuri kuliko mikono, na kwa vichezeo vinavyostahimili joto ningeichagua kabla ya klorini. Haina mvuke wa kemikali, haitegemei mtu aliyechoka mwisho wa zamu akumbuke kuhesabu dakika, na husuuza yenyewe. Vichezeo vidogo viwekwe ndani ya mfuko wa wavu ili visianguke chini ya mashine.

Kuchanganya klorini kwa kipimo

Dawa ya klorini ya maji huuzwa ikiwa na ukali tofauti, kwa hiyo soma asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kabla ya kupima chochote. Gawanya asilimia hiyo kwa asilimia unayoitaka, kisha utoe 1. Jibu ni idadi ya sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Chupa ikisema asilimia 5 nawe ukataka 0.1, utapata 50, ukitoa 1 ni sehemu 49 za maji: yaani mililita 200 za dawa na lita 9.8 za maji kwa ndoo ya lita 10. Chupa ikisema asilimia 3.5, utahitaji sehemu 34 za maji. Kwa unga wa klorini wenye asilimia 70, takriban gramu 14 katika lita 10 za maji hutoa ukali uleule wa 0.1. Tumia kikombe chenye alama za mililita. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa hutoa dawa ambayo leo ni kali mno na kesho ni hafifu.

Tumia maji ya baridi, kwa kuwa maji ya moto huiharibu klorini na kuongeza mvuke wake. Changanya mahali penye hewa ya kutosha, mbali na watoto, hasa wenye pumu. Usichanganye klorini na siki, asidi ya kusafishia vyoo wala amonia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Andika kwenye ndoo tarehe, saa na ukali wa dawa, ifunike, na mwaga inayobaki baada ya saa 24. Ikionekana kuwa na uchafu kabla ya hapo, imwagwe mapema. Klorini hula chuma, hivyo vichezeo vyenye skrubu au ekseli za chuma visiachwe ndani kupita muda uliotajwa.

Alkoholi ya asilimia 70 inafaa kwa vitu vidogo visivyoweza kuzamishwa, mradi vimefutwa uchafu kwanza na uso wake ubaki na unyevu wa alkoholi kwa muda uliotajwa na mtengenezaji. Haifai kutegemewa wodi inapokuwa na mlipuko wa kuhara, kwa sababu haiui mbegu za Clostridioides difficile na ni hafifu dhidi ya virusi vya noro. Dawa za jamii ya fenoli zisitumike kwa vichezeo wala kwa vitanda vya watoto wachanga; matumizi yake katika wodi za wachanga yamewahi kuhusishwa na kupanda kwa bilirubini, ambayo huwaletea watoto hao manjano.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni kuhusu chupa za kunyunyizia dawa. Chupa inayoongezewa dawa mpya juu ya ile ya zamani, siku baada ya siku, huweza yenyewe kuwa makazi ya bakteria, hasa kwa dawa za kutakasa za jamii ya “quaternary ammonium” (si amonia ya kawaida), ambazo Pseudomonas na jamaa zake wamewahi kupatikana wakiishi ndani yake. Maliza chupa, ioshe, ikaushe, ndipo uijaze upya.

Visivyoweza kuzamishwa

Vichezeo vya betri, vishikwambi na vidhibiti vya michezo ya video hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa na kukamuliwa, baada ya kuzimwa. Kishikwambi kiwekwe ndani ya kifuko cha plastiki au kifuniko laini kinachofutika, na maelekezo ya mtengenezaji yafuatwe kwa kuwa dawa fulani huharibu kioo. Vitabu vya kurasa ngumu zilizopakwa plastiki vinafutika ukurasa kwa ukurasa. Vya karatasi ya kawaida haviwezi kutakaswa. Vikichafuka kwa mate, damu au choo vitupwe, na vilivyotumiwa na mtoto aliyetengwa visirudi kwenye rafu ya pamoja. Fumbo la picha la karatasi apewe mtoto mmoja liwe lake.

Vitu vikubwa kama nyumba za kuchezea, bembea na farasi wa plastiki hufutwa pale vilipo, angalau mara moja kwa wiki na kila vinapoonekana kuchafuka. Kwa wodi yenye watoto wadogo wanaotambaa ningependelea kila siku kwa zile sehemu zinazoshikwa na kulambwa.

Vyombo viwili na mtu mmoja anayewajibika

Kila chumba cha michezo na kila kona ya wodi inayowekwa vichezeo iwe na vyombo viwili vyenye vifuniko, vyenye rangi tofauti na maandishi makubwa: kimoja cha visafi, kingine cha vichafu. Weka na mchoro kwa ajili ya wasiosoma. Kichezeo kilichotiwa mdomoni, kilichoanguka sakafuni au kilichoachwa na mtoto aliyekuwa akikohoa kiende kwenye chombo cha vichafu saa hiyohiyo, na wazazi waelekezwe kufanya hivyo tangu siku ya kwanza ya kulazwa. Utaratibu huu mdogo huokoa zaidi ya usafi wa jumla wa mwisho wa wiki, kwa kuwa unakata njia kabla mtoto wa pili hajafikiwa. Vyombo vyenyewe vioshwe pia, jambo linalosahaulika mara kwa mara, maana visafi vikirudishwa ndani ya kapu lenye vumbi na makombo, kazi yote ya sinkini imepotea.

Punguza idadi ya vichezeo vinavyotolewa kwa wakati mmoja. Ni bora kuwa na seti tatu ndogo zinazopokezana, moja ikitumika, moja ikioshwa na moja ikiwa imekauka kabatini, kuliko rundo moja kubwa lisilowahi kumalizwa kuoshwa. Vinavyotumiwa na watoto wanaotia kila kitu mdomoni vioshwe baada ya kila mtoto. Vingine vya pamoja vioshwe kila siku, na kila vinapochafuka bila kungoja saa iliyopangwa.

Yote haya husimama au kuanguka kwa jambo moja: jina. Pale ambapo kuosha vichezeo ni kazi ya kila mtu, muuguzi hudhani ni ya mhudumu wa usafi, mhudumu hudhani ni ya msimamizi wa michezo, na msimamizi hayupo siku za mapumziko. Andika jina la mwenye kazi kwa kila zamu, mpatie muda halisi ndani ya saa zake za kazi, na weka karatasi ukutani ambayo atajaza tarehe, saa, seti iliyooshwa na ukali wa dawa. Kazi isiyotengewa muda hufanywa kwa haraka, na kinachorukwa kwanza huwa ni kusugua.

Mikono ya watoto, ya wazazi na ya watumishi

Kichezeo safi hakidumu kuwa safi mikononi mwa mtu asiyenawa. Kila mtoto anawe au asafishwe mikono kwa dawa ya alkoholi kabla ya kuingia chumba cha michezo na anapotoka, na vilevile baada ya kupiga chafya au kutoka chooni. Shirika la Afya Duniani linaelekeza sekunde 20 hadi 30 kwa dawa ya alkoholi na sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, ukihesabu hatua zote. Kukiwa na kuhara wodini, maji na sabuni ndiyo yatumike. Mtumishi anayetumia kichezeo kumtuliza mtoto wakati wa kutoa damu akumbuke kwamba mkono wake unakichafua kichezeo hicho, na asikirudishe mfukoni ili akipeleke kwa mtoto wa pili.

Mtoto aliyetengwa

Mtoto mwenye kuhara, surua, tetekuwanga, kifaduro au bakteria sugu asiingie chumba cha michezo cha pamoja, lakini asiachwe bila kitu cha kucheza, kwani yeye ndiye mwenye upweke kuliko wote. Mpelekee vichezeo vichache vya plastiki ngumu, vibaki chumbani mwake muda wote wa kutengwa, na visitoke hata kwa dakika chache. Akiruhusiwa, vitiwe kwenye mfuko uliofungwa humohumo chumbani, vipelekwe upande wa vichafu, vioshwe na kutakaswa peke yake bila kuchanganywa na vingine. Ikiwa alikuwa na Clostridioides difficile, tumia klorini yenye ukali wa kuua mbegu kama utakavyoelekezwa na timu ya kuzuia maambukizi, mara nyingi asilimia 0.5, na kichezeo cha bei ndogo ni busara akapewa mtoto aende nacho au kikatupwa.

Kukagua, na la kufanya mlipuko ukitokea

Si lazima kupeleka sampuli za vichezeo maabara kila mwezi. Kupima ovyo bila swali maalumu hula fedha na kutoa majibu yasiyojulikana yatumiweje, kwa kuwa bakteria fulani watapatikana kila mara. Ukaguzi wenye manufaa zaidi ni wa macho na wa utaratibu: fungua chombo cha visafi bila taarifa, angalia mifereji ya vichezeo vitano, gusa kama kuna unyevu, tazama karatasi ya ukutani kama imejazwa kweli au imejazwa yote kwa kalamu moja siku moja, na mwombe anayeosha akuonyeshe anavyopima klorini. Baadhi ya hospitali hupaka alama isiyoonekana inayong'aa chini ya taa maalumu, kisha hurudi kuona kama imesuguliwa ikatoka. Njia hiyo ni nzuri kwa kufundishia mradi haitumiki kuwaadhibu watu.

Mlipuko ni jambo jingine. Watoto wawili au zaidi wakipata bakteria wa aina moja ndani ya muda mfupi, au kuhara kukiongezeka ghafla, ita timu ya kuzuia maambukizi kabla ya kuosha chochote, ili kama sampuli zinahitajika zichukuliwe kutoka kwenye vichezeo vikiwa kama vilivyotumika. Funga chumba cha michezo kwa muda, kusanya vichezeo vyote vya pamoja, tenga vile vinavyoshika maji kwa uchunguzi, na andika ni mtoto gani alitumia kipi kwa kadiri wazazi na watumishi wanavyokumbuka. Sampuli zikishachukuliwa, osha na takasa vyote vinavyooshika, tupa visivyooshika, safisha rafu, mikeka na vyombo vya kuhifadhia, kisha mpe kila mtoto vichezeo vyake vya kitandani hadi timu itakapotamka kwamba chumba kinaweza kufunguliwa. Siku ya kufungua, rudisha seti moja tu, na zile nyingine ziongezwe baada ya kuona kwamba hiyo moja inaoshwa kila siku kama ilivyopangwa.